Milimita Kumi na Tisa

Upande wa kulia ulikuwa sentimita mia mbili sitini na nne. Upande wa kushoto ulikuwa sentimita mia mbili sitini na mbili na milimita moja.

Nilipima tena. Kwetu sisi tunaopima ardhi, kipimo cha mara moja hakina thamani. Unapima kwenda, unapima kurudi, na namba zikikataa kukutana, huzibembelezi. Unatafuta kosa liko wapi.

Namba za mara ya pili zilikuwa zilezile.

"Bi Vipimo," Fundi aliniita, kichwa chake kikiwa ndani ya boneti, "unapima gari au unalishonea suruali?"

"Najaza fomu ya ukaguzi. Wanataka urefu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Pande zote mbili."

Spana iliyokuwa ikigonga ilinyamaza.

Ukaguzi ulikuwa Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mashindano yenyewe yalikuwa ya magari makuukuu tu, siku kumi na mbili, kilomita elfu nne na mia moja, na michango yote ilikuwa inakwenda kununua mashine za kuwasaidia watoto njiti kupumua. Waliotushika mkono walikuwa watu wadogo kama sisi. Kinyozi wa kona alikuwa amelipia mlango wa kushoto, jina lake likaandikwa hapo. Muuza magodoro alichukua mlango wa kulia. Kichanja cha juu ya paa Fundi alikiunga kwa vyuma vya kitanda cha hospitali kilichotupwa, na viti vya mbele vilitoka kwenye teksi iliyokufa. Kila kitu kwenye gari lile kiliwahi kuwa cha mtu mwingine.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu. Madereva walikuwa wawili, Fundi na kaka yangu, wakipokezana. Mimi nilikuwa msoma ramani, na zamu zangu za kulala zilikuwa kiti cha nyuma.

Kaka ndiye aliyelileta wazo. Binti yake alizaliwa na miezi saba, akakaa siku thelathini na moja kwenye wodi ya watoto njiti, akipumua kwa mashine. Sasa yuko darasa la pili na anaisumbua nyumba nzima. Kaka ndiye pia aliyesimama mahali pa Baba tangu Baba afariki, na katika nyumba yetu ni yeye peke yake aliyekuwa upande wa Fundi. Mama hakuwa upande huo. "Nimekusomesha miaka minne upime ardhi," aliniambia mwezi uliopita, akikunja nguo bila kunitazama, "uje uolewe na mtu anayelala chini ya magari ya watu?" Kaka akacheka, akamwambia, "Mama, tukirudi salama kwenye mashindano, wazee wake nawaleta hapa mimi mwenyewe. Nimeshasema." Na katika nyumba yetu Kaka akishasema, hata Mama hunyamaza.

Kwa hiyo gari lile kwangu halikuwa gari tu. Lilikuwa njia ya kufika kwenye sebule ya mama yangu, Fundi akiwa ameketi kitini kama mgeni anayetarajiwa.

"Milimita kumi na tisa," nilisema.

"Nini?"

"Upande wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Milimita kumi na tisa."

Alitoka kwenye boneti. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hufanya hivyo kila anapotaka kunikaribia, kwa sababu siku ya kwanza alinichafua mkono wa shati jeupe na hajajisamehe hadi leo. Mara zote mikono ile ikifutwa hivyo, moyo wangu hutangulia mbele yangu. Safari hii haukutangulia. Nilikuwa naangalia macho yake, na macho yake yalikuwa yanaangalia futi ya chuma mkononi mwangu.

"Gari la miaka ishirini na sita," alisema. "Lazima lipinde kidogo. Hata mimi nimepinda."

"Vyuma vya chini vinapinda. Havipungui upande mmoja."

"Mpenzi, ni kidole kimoja hicho."

Muuza betri wa kibanda cha jirani, mwanamke ambaye hakuna jambo la uani pale linalompita, alitupigia kelele: "Nyie! Mnapima gari au mnapimana nyinyi kwa nyinyi? Kama ni harusi semeni, nianze kuweka akiba ya kitambaa!"

Fundi alicheka. Kicheko chake kilifika haraka mno, kikaisha haraka mno.

"Nieleze habari za gari hili," nilisema. "Tangu ulinunue hadi leo."

"Unazijua."

"Nieleze tena."

Aliketi juu ya tairi la akiba. Alieleza vizuri. Alilinunua mwezi wa kwanza, likiwa limesimama bandani miaka mitatu. Injini ilimchukua wiki mbili, gia siku nne. Mwezi wa tatu walilijaribu mara moja, yeye na Kaka, barabara ya machimbo. Baada ya hapo akagundua kutu, akalikwangua lote, akalipaka rangi upya. Ndiyo maana lilikuwa la kijivu na sasa ni la bluu. Kisha viti, kisha kichanja. Basi.

"Sasa rudi," nilimwambia.

"Nirudi wapi?"

"Anzia leo, urudi nyuma hadi siku ya kununua."

Nilimwona akinielewa. Nilishawahi kumsimulia, siku tulipokuwa tukila wali kwenye sahani moja nyuma ya karakana hii. Watu wawili wakigombea mpaka wa shamba, tunamchukua kila mmoja peke yake na kumtembeza, kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho. Wote wawili huelekeza vizuri. Halafu tunawageuza. Mtu anayekumbuka shamba lake huona miti ileile akirudi. Mtu aliyejitungia shamba hujikwaa.

"Unanifanyia mimi hivyo?" aliuliza taratibu.

"Ndiyo."

"Mimi?"

"Rudi, Fundi."

Alitazama chini. "Leo nafunga feni. Jana nilifunga taa. Wiki iliyopita kichanja. Kabla ya kichanja, viti. Kabla ya viti, zulia. Kabla ya zulia, rangi." Alikuwa anakwenda vizuri, sauti yake imetulia, na nilianza kujionea aibu. "Kabla ya rangi nilipiga msasa. Kabla ya msasa nilichomelea. Kabla ya kuchomelea nililika..."

Macho yake yakakimbilia mlango wa nyuma wa gari.

"Ulilika nini?"

Nilifungua mlango wa nyuma, nikaliinua zulia alilolibandika nyuma ya viti vya mbele. Gundi ilikuwa bado mbichi, ikatoka kirahisi. Chini yake ulipita mshono wa chuma, kutoka mlango hadi mlango, umenyooka, umepakwa rangi. Ulikuwa mshono mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini mbele ya mshono chuma kilikuwa na unene mmoja, na nyuma yake unene mwingine.

Lile halikuwa gari moja. Yalikuwa magari mawili.

"Ulilikata," nilisema.

"Nililikata."

"Nusu ya nyuma umeitoa wapi?"

"Kwenye chakavu. Lilikuwa gari la aina hiihii, mbele limebondeka, nyuma zima. Sikuwa na uwezo wa kununua jingine. Nilipima kwa kamba na kwa shubiri, kama tunavyopima siku zote." Aliinua kiganja chake, akakitazama kana kwamba ndicho chenye hatia. "Mwendo wa sabini, themanini, halina neno. Nimelikagua mara kumi. Nisingekupandisha kitu kitakachokuua."

"Na wakaguzi?"

"Wangetazama taa na breki."

Nilirudisha zulia mahali pake. Nilijua kwamba bado hatujafika kwenye kosa. Kuunga gari ni udhaifu wa mtu asiye na uwezo wa kununua, na kwa hilo ningeweza kumgombeza, nikalia kidogo, nikamsamehe kabla ya jioni. Lakini mtu halikati gari lisiloharibika.

"Nusu yetu ya nyuma ilipatwa na nini?"

"Niligonga kalavati."

"Wewe?"

"Siku ya kujaribu."

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

Aliinuka. Alikwenda kwenye meza ya vyuma, akachukua spana, akairudisha. Akachukua nyingine.

"Nimekuuliza, Fundi. Mlikwenda wawili. Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Niliapa."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

Jua la mchana lilikuwa limeingia hadi katikati ya karakana. Lilifika kwenye viatu vyake. Nakumbuka nilitazama viatu kwa sababu sikutaka kutazama uso.

"Sema," nilisema. "Nitajua tu. Bora nijue kwako."

Alisema akiwa amenipa mgongo.

"Barabara ilikuwa kavu. Hakukuwa na gari mbele wala nyuma. Alikuwa ananisimulia habari za Mama yenu, jinsi alivyomkatalia Baba yenu mara tatu kabla hajakubali, na alikuwa anacheka. Halafu akanyamaza. Nikadhani anatafuta neno. Tukafika kwenye kona, nikamwambia, 'Shemeji, kata kulia.' Hakukata. Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, mikono iko kwenye usukani, anatazama mbele kama mtu anayesoma bango la mbali. Nikamwita. Nikamtikisa bega. Nikavuta breki ya mkono. Gari likazunguka, nyuma ikapiga kalavati."

"Endelea."

"Tukasimama. Sekunde thelathini, labda zaidi kidogo. Halafu akageuka, akaniuliza, 'Shemeji, mbona tumesimama?'"

Kule nje muuza betri alikuwa anabishana na mteja, sauti zao zikiingia na kutoka.

Wiki mbili kabla ya mazungumzo haya, Jumapili moja, Kaka alikuwa anatumiminia chai nyumbani. Alimimina kikombe cha Mama kikajaa, akaendelea kumimina, chai ikamwagika kwenye sahani, ikashuka mezani, ikafika kwenye mapaja ya binti yake, naye akapiga ukelele. Ndipo Kaka akashtuka. Tulicheka sote. Mama alisema mwanawe amezeeka kabla yake. Mimi, ninayeishi kwa kuandika kila ninachokiona, sikuandika chochote.

"Tarehe ngapi?" nilimuuliza.

"Nini?"

"Siku hiyo ya kalavati."

"Nane, mwezi wa tatu."

Siku hiyo tuliyokuwa tunazungumza ilikuwa tarehe tatu, mwezi wa tano. Siku hamsini na sita. Nilitoa Jumamosi na Jumapili, nikatoa wiki moja ya likizo, nikazidisha kwa mbili, asubuhi na alasiri. Zilikuwa safari sabini.

Kaka yangu anaendesha basi la shule. Watoto thelathini na wawili, na mmoja wao ni wake. Safari ya sabini ilikuwa bado. Ilikuwa ya siku ileile, saa tisa na nusu.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

"Anaendesha watoto," nilisema.

"Ameshakwenda hospitali. Wamempa vidonge. Aliniambia imekwisha."

"Umeviona hivyo vidonge?"

"Aliniambia."

"Umeviona, Fundi?"

"Hapana."

"Na wewe ulikuwa unakuja nyumbani, unakula nasi, unamwona anachukua funguo za basi kwenye msumari, unamwambia safari njema."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa dakika moja nilitamani kwenda kusimama karibu naye. Mwili una mambo yake, hausubiri ruhusa.

"Unajua alichoniambia pale kwenye kalavati?" alisema. "Tulikuwa bado tumekaa ndani, vioo viko kwenye nywele. Aliniambia, 'Ukilisema hili nimekwisha. Sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini ukinifichia, shemeji, Mama niachie mimi.' Mimi nilikuwa nimeshalingoja neno hilo siku mia. Mama yako hajawahi hata kunikaribisha kiti. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kunifungulia mlango wa kwenu, na mtu huyo ndiye aliyeniomba. Ningefanya nini? Nilikuchagua wewe."

"Ulinichagua mimi, ukawalipisha watoto wa watu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Nilitoa simu kwenye mfuko wa suruali. Alinishika mkono. Hakunishika kwa nguvu. Vidole vyake vilizunguka kifundo changu jinsi anavyoshika waya mwembamba asiotaka kuukata, na nilihisi mapigo, yangu au yake.

"Mpigie yeye kwanza," alisema. "Ni kaka yako. Mpe nafasi ashuke mwenyewe."

"Ataniambia amepona."

"Labda amepona."

"Na kama hajapona?"

"Bi Vipimo." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ukipiga simu hiyo, kazi yake imekwisha. Na akishajua imetoka kwangu, mimi na wewe tumekwisha. Hakuna mtu mwingine wa kutusemea. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na bado unapiga?"

"Niachie mkono."

Aliniachia.

Mwalimu mkuu wa shule alipokea mara ya tatu. Nilisema maneno niliyoyapanga: kwamba basi lisitoke alasiri hiyo, kwamba dereva ana maradhi ya kupotewa na fahamu, kwamba yameshamkuta akiwa kwenye usukani, kwamba kuna shahidi.

"Samahani, wewe ni nani?" aliuliza. Nyuma yake nilisikia watoto wakikariri kitu kwa pamoja.

"Mdogo wake."

"Mdogo wake wa tumbo moja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mmegombana?"

"Hapana. Hatujawahi kugombana."

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Asante, mwanangu. Nitasimamia getini mwenyewe."

Kisha tulingoja. Fundi alikaa juu ya tairi, mimi nilisimama karibu na mlango. Saa tisa na dakika ishirini na mbili simu yangu iliita, nikaweka sauti ya wazi kwa sababu sikutaka kusikia peke yangu.

"Mdogo wangu," Kaka alisema. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. "Wameninyang'anya funguo mbele ya wazazi. Mwanangu alikuwa ameshapanda. Ameniuliza, 'Baba, mbona unashuka?'"

"Kaka, twende hospitali. Tutakwenda pamoja. Leo hii."

"Ungeweza kunipigia mimi kwanza."

"Ungeniambia nini?"

Nilisikia pumzi yake. "Ningekwambia nimepona."

"Umepona?"

Kimya. Kimya kile kilizidi, kikawa kirefu, na mimi na Fundi tulitazamana kwa hofu ileile moja, kila mmoja akisikiliza kama kuna mtu bado upande wa pili wa simu.

"Kaka?"

Hakuna.

"Kaka!"

"Nipo," alisema hatimaye. Lakini alisema kama mtu aliyeingia chumbani sasa hivi. "Tulikuwa tunasema nini?"

Niliziba mdomo kwa kiganja.

"Nipe mimi," Fundi alisema, akaichukua simu. "Shemeji, uko wapi? Umesimama au umekaa?"

Kaka alichukua muda kuikumbuka sauti ile. Alipoikumbuka, alijikusanya.

"Usiniite shemeji," alisema. "Uliapa. Mama nitamweleza mwenyewe, na nitamweleza vizuri. Mlango wa kwetu usiutafute tena." Akakata.

Nilimpigia Mwalimu mkuu, nikamwomba amkalishe Kaka kivulini na asimwache peke yake hadi nifike. Nilifunga mkoba. Fomu ya ukaguzi niliiacha juu ya boneti, haina kazi tena. Sisi tulikuwa timu ya madereva wawili, na kanuni hazikubali mmoja.

Fundi alikuwa amesimama mahali palepale, mikono imening'inia, hajaifuta.

"Nikusindikize?"

"Hapana."

"Hata hadi barabarani?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Kulikuwa na swali moja nililotaka kwenda nalo bila kuliuliza, na nikaona siwezi.

"Usiku wa kwanza wa safari," nilisema, "zamu ya Kaka ingeanza saa nne. Ulinipangia wewe ratiba hiyo. Mimi ningekuwa nimelala kiti cha nyuma. Ungeniacha nilale pale, yeye akiendesha?"

Alinitazama bila kupepesa. Hajawahi kunitazama kwa mapenzi mengi kiasi kile, si kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Ningekaa macho," alisema. "Kiti cha mbele, kando yake, mkono uko kwenye breki. Usiku wote. Siku zote kumi na mbili. Nisingefumba jicho hata mara moja, na wewe usingejua kamwe."

Nilijua anasema kweli. Nilimwamini neno kwa neno, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa.